Gia ya Kati ya Kikamulio Namba Mbili

Vijana wa kiwandani, mmeniuliza tulikuwa tunajuaje gia imeharibika kabla ya kufungua giaboksi, enzi ambazo hakukuwa na sensa inayotuma taarifa kwenye simu. Nitawajibu. Ila nawaambia mapema kwamba nikianza habari ya gia nitaishia kwenye habari ya mtu, maana kwangu mimi vitu hivyo viwili haviachani.

Naitwa Mwajuma. Nimezaliwa Ujiji, nikasomea ufundi wa mitambo, na karibu maisha yangu yote ya kazi yameishia kwenye kiwanda kimoja cha mawese upande wa kuelekea Simbo. Sasa nimestaafu, nakaa kwangu, nafuga kuku, na asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ninachokikosa ni kelele. Jirani yangu hunicheka. "Bi Mwajuma, watu wote wanatafuta utulivu, wewe unatafuta makelele?" Ndiyo, natafuta makelele. Natafuta ule mngurumo wa vikamulio viwili vikifanya kazi pamoja, mvuke wa chikichi zinazochemshwa, na harufu ya mawese ya moto iliyokuwa ikiingia kwenye nguo ikakataa kutoka, ufue na sabuni uipendayo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema anajua nimefika nyumbani kabla sijabisha hodi.

Kwa wale ambao hamjakiona kikamulio cha aina ile, ndani yake kuna parafujo kubwa inayobana chikichi mpaka zitoe mafuta. Parafujo inazunguka polepole, kama mtu anayesonga ugali wa msibani. Mota inayoiendesha inazunguka kwa kasi kubwa. Katikati yao kuna giaboksi, kasha la chuma lenye gia ndani, na kazi yake ni kupunguza ile kasi na kuigeuza kuwa nguvu. Giaboksi ikifa, kikamulio kimekufa, na chikichi haziwezi kusubiri. Ukishakata mkungu una siku moja, mbili hivi, halafu tunda linaanza kuchacha.

Aliyenifundisha kusikiliza giaboksi ni Mzee Bukuru. Alikuwa Muha wa Kidahwe, mrefu, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na ukali wa sura yake. Alianza pale kiwandani akiwa mbeba mikungu, akapanda mpaka kuwa fundi mkuu wa mitambo bila cheti chochote. Chombo chake kilikuwa kipande cha nondo chenye urefu wa mkono, ncha moja ameisugua kwa msasa mpaka ikawa laini. Ncha kali aliiegesha kwenye kasha la giaboksi, pale penye beringi, na ile laini aliiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Si kwenye tundu la sikio kama wengi wafanyavyo. "Tundu linaleta makelele ya kiwanda kizima," alikuwa akisema. "Mfupa unaleta ya hapa tu."

Siku yangu ya kwanza alinikabidhi ile nondo, akaniacha nayo kitambo, kisha akaja kuniuliza.

"Unasikia nini?"

"Kelele, Mzee."

"Kelele ya nini?"

"Ya mashine."

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kiha. "Hizo ni kelele za watu saba. Rudi uwasikilize, uje uniambie humo ndani yupo nani na nani."

Ilinichukua karibu mwaka kuwatenganisha wale watu saba. Beringi iliyokaukiwa grisi inalia kama mchanga unaosuguliwa sufuriani. Gia nzima inaimba sauti moja iliyonyooka. Gia ambayo meno yake yamelika yote sawasawa inaimba vilevile, ila kwa sauti nene, kama mtu mwenye mafua. Jino moja likimeguka, wimbo ni uleule, lakini ndani ya wimbo kuna mtu anabisha hodi. Anabisha kwa mpigo uleule, hakawii wala haharakishi. Baada ya kusikiliza, Mzee alifungua kizibo cha oili, akachovya kidole, akasugua kwa dole gumba na kwenda kukitazama juani. Oili yenye unga wa chuma inametameta. Mambo hayo mawili, mfupa na kidole, ndiyo yaliyokiendesha kile kiwanda kwa miaka mingi, na yalikiendesha vizuri.

Halafu akaja Injinia Sanga.

Injinia alikuwa mtu wa Njombe, kijana kuliko mimi, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kukwambia umekosea. Alikuja na kifaa cha kupima mitetemo: kiboksi chenye kioo, waya, na kihisio kidogo chenye sumaku kinachonata kwenye chuma. Alikipeleka kwanza kwa Mzee Bukuru, kama ilivyostahili. Mzee akakitazama, akakigeuza, akakirudisha. "Mfundishe Mwaju," akasema. "Macho yangu hayapendi vioo." Hivyo ndivyo kifaa kilivyokuwa changu.

Nawaeleza mambo mawili ya kile kifaa, maana bado yanatumika hata kwenye sensa zenu. Kwanza, kinatoa namba moja inayoeleza kasha linatetemeka kiasi gani kwa jumla, na namba hiyo ina mpaka wake. Iko chini ya mpaka, kijani. Imezidi, nyekundu. Wakubwa wote wanaipenda namba hiyo kwa sababu haihitaji kufikiri. Pili, kinatoa mchoro, mstari unaopanda na kushuka jinsi mtetemo unavyokwenda kwa muda. Mchoro ndio wenye habari. Jino bovu hugonga mara moja kila gia yake inapomaliza mzunguko. Kwa hiyo unapoona kwenye mchoro vilele virefu vinavyorudi kwa nafasi zilezile, unahesabu vinarudi mara ngapi kwa sekunde, halafu unatafuta ni shafti ipi humo ndani inayozunguka kwa mwendo huo. Ukishaipata, umempata mgonjwa kabla hujafungua boliti hata moja.

Na pimeni mashine ikiwa na mzigo. Gia isiyobanwa haisemi kitu.

Nilipoanza, nilipenda kile kiboksi kama mtoto anavyopenda kiatu kipya. Wiki ya tatu niliona mchoro wa kutisha kwenye kikamulio namba moja, vilele kila mahali, na namba nyekundu kabisa. Nikakimbia kwa meneja. Mashine ikasimamishwa, giaboksi ikafunguliwa nusu siku nzima, tukatoa gia moja moja na kuifuta kwa tambara. Zote nzima, zinang'aa. Mzee Bukuru akazunguka kule nyuma, akaangalia alama ya mahali nilipokuwa nimenatisha kihisio, akaanza kucheka. Nilikuwa nimekiweka kwenye bati la kufunika mkanda, siyo kwenye kasha lenyewe. Bati lilikuwa na boliti moja iliyolegea. Nilikuwa nimepima bati.

Tangu siku hiyo karakana nzima ikaniita Daktari wa Bati. Walinisalimia hivyo asubuhi, na kwenye mgahawa wa kiwanda mpishi akaniuliza kama sahani yake nayo inaumwa. Nilicheka nao. Lakini nawaambia ukweli, ndani niliumia, na nilijiapiza kwamba sitasimamisha mashine tena mpaka niwe na hakika kama ya kufa. Mkosea mara moja huwa na hatari hiyo. Anaogopa kosa lilelile, kisha anaingia kwenye la pili kwa mlango mwingine.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo ambalo mimi nilikuwa nimeliona na wengine hawajaliona. Mzee Bukuru alikuwa haelewi tena watu wakimsemesha kutoka nyuma. Alicheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Kwenye makelele ya kiwanda haikuwa ajabu mtu kusema "Unasemaje?", sote tulisema hivyo kutwa, kwa hiyo alijificha humo. Mimi nilianza kusimama mbele yake kila ninapozungumza ili auone mdomo wangu. Mtu akimwita kwa mbali, nilimgusa bega. Kwenye vikao nilirudia swali kana kwamba mimi ndiye sikulisikia. Hakuniomba, na mimi sikumwambia kwamba najua. Tulikwenda hivyo miezi na miezi, na niliona kwamba hiyo ndiyo heshima.

Ukafika msimu mkubwa. Mikungu ilikuwa inaingia kutoka Simbo, Kidahwe, mpaka kwa watu wa Ilagala, na vikamulio vyote viwili vilikuwa vinakwenda mchana kutwa. Injinia Sanga alikuwa safarini Dar es Salaam kufuatilia vipuri. Jumanne asubuhi nikapima namba mbili kama kawaida. Nikaparuza rangi kwenye kasha mpaka chuma kikaonekana, nikanatisha kihisio, nikasubiri kikamulio kijae chikichi, nikapima.

Namba ilikuwa kijani. Juu kidogo kuliko mwezi uliopita, lakini kijani.

Mchoro haukuwa mzuri. Katika mstari uliotulia kulikuwa na kilele kimoja kirefu, halafu utulivu, halafu kilele kingine, mara mbili kila sekunde. Nikatoa daftari lenye hesabu za zile gia. Gia ya kati ya namba mbili inazunguka mara mbili kwa sekunde. Nikapima tena. Nikahamisha kihisio upande wa pili, nikapima mara ya tatu. Yuleyule, anabisha hodi.

Nikamwendea Mzee Bukuru, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Mzee. Naomba uisikilize namba mbili. Gia ya kati."

"Marahaba, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Umeona nini?"

"Wewe sikiliza kwanza."

Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka aseme yeye. Nilikuwa natumaini mfupa wake utasikia, aseme, nami nisiwe Daktari wa Bati kwa mara ya pili. Akachukua nondo. Meneja alikuwa anapita kukagua, akatuona, akaja kusimama pale. Alikuwa mtu wa haraka, na msimu ulikuwa umemwongezea haraka.

Mzee alisikiliza muda mrefu, amefumba macho. Alihamisha nondo mara nne. Mimi nilikuwa natazama uso wake, na niliona kitu ambacho mpaka leo nakiona: uso wa mtu anayesubiri na hapewi. Oili ilikuwa imebadilishwa wiki iliyotangulia, kwa hiyo hata kidole kisingemwambia kitu.

Akaitoa nondo. "Salama," akasema. "Itamaliza msimu."

Meneja akanigeukia. "Na kifaa chako kinasemaje, Mwajuma?"

Vijana, nimelifikiria jibu nililotoa kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria jambo lolote la ndoa yangu. Ningesema nimeona jino bovu, meneja angemtazama Mzee, Mzee angeulizwa mbona hakusikia, na yale yote tuliyokuwa tumeyaficha yangemwagika pale chini kwenye mafuta. Na kama nimekosea tena, je?

"Namba iko ndani ya mpaka," nikasema.

Haikuwa uongo. Namba ilikuwa ndani ya mpaka.

Ijumaa, watu wakiwa wanajiandaa kwenda kuswali, namba mbili ikapiga kishindo kimoja ambacho kilisikika mpaka getini. Jino lilikuwa limekatika, likapita katikati ya gia mbili zinazozunguka, likang'oa meno mengine kumi na moja, na kasha likapasuka. Oili ilitapakaa sakafuni. Mwendesha mashine alikuwa ameinama kuokota chepe lake. Angekuwa amesimama, sijui. Alikaa chini ukutani, akabaki amelikumbatia lile chepe.

Gia mpya ilitakiwa kutoka Dar es Salaam. Kikamulio namba moja peke yake hakikuweza hata nusu ya mzigo. Mimi ndiye niliyetumwa getini kuwaambia wakulima warudi na mikungu yao. Fuso zilikuwa zimepanga foleni, na baiskeli, na akina mama waliobeba vichwani. Ndani ya siku mbili chikichi zilianza kupukutika zenyewe kwenye mikungu na harufu ya kuchacha ikajaa barabarani. Baba mmoja wa Simbo, ambaye alikuwa akileta mikungu kwetu tangu nilipoanza kazi, alisimama mbele yangu ameshika kofia.

"Mama, hiyo mashine ilikufa ghafla?"

"Ghafla, baba."

"Hamkusikia kwamba inaumwa?"

Alinitazama kidogo, akavaa kofia yake, akageuza baiskeli.

Jumatatu Injinia Sanga alirudi. Meneja akatuita karakanani, mafundi wote, kama watu kumi hivi, na akasema wazi kwamba Mzee Bukuru ndiye aliyeihakikisha ile mashine na kwamba barua yake ya kuachishwa kazi iko njiani. Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Alisimama karibu na vaisi ya kubania vyuma, mikono nyuma, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali. Sijui ni maneno mangapi kati ya yale aliyasikia.

Injinia akaniomba kifaa. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua tu. Akapekua vipimo mpaka vya Jumanne. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, dada Mwajuma. Huu mchoro uliuona?"

Nikasema niliuona.

"Ulielewa ni nini?"

"Nilielewa. Niliona gia ya kati ina jino bovu. Sikusema."

Na hapo ndipo Mzee Bukuru alipoinua uso wake.

"Unasemaje?"

Nikarudia, "Niliona gia ni mbovu, Mzee. Sikusema."

"Unasemaje, Mwaju?"

Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimezimwa. Hata namba moja ilikuwa imesimama, tunaisafisha. Hakukuwa na mota, hakukuwa na mvuke, uliweza kusikia kunguru juu ya paa. Kila mtu mle ndani alikuwa amesikia, hata yule aliyekuwa mlangoni. Niliwaona wakitazamana. Nikatembea mpaka mbele yake, nikasimama pale nilipozoea kusimama, nikasema kwa sauti kubwa, neno moja baada ya jingine, mbele ya watu wote:

"Niliona gia imeharibika. Nilinyamaza."

Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Kisha akawatazama wengine, mmoja mmoja, na akaelewa kwamba wameelewa.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Akamgeukia meneja. "Huyu mtoto msimwonee. Siku ile kwenye nondo mimi sikusikia kitu. Huu ni mwaka wa pili sisikii. Nilikuwa nakisia."

Alisema hivyo tu, akaenda kukaa kwenye benchi.

Mambo yaliishaje? Mimi nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Mzee hakufukuzwa. Injinia Sanga alikwenda ofisini kwa meneja, na sisi tulimsikia kwa mara ya kwanza akizungumza bila kuomba radhi. Alisema masikio yale yameharibiwa na kiwanda, na kiwanda hakiwezi kumfukuza mtu kwa kidonda ambacho kiwanda chenyewe kimemtia. Mzee akapelekwa hospitali, akapimwa, akastaafishwa kwa ugonjwa na haki zake. Mwezi huohuo vikaja vizibo vya masikio, boksi zima, na Injinia akaweka utaratibu kwamba anayepima anaandika alichokiona kwenye mchoro, kwa maneno yake, na anasaini kabla hajaongea na mtu yeyote. Nyie mnauona ni usumbufu wa makaratasi. Sasa mnajua ulitoka wapi.

Lakini kabla ya kuondoka, Mzee aliomba abaki mpaka gia mpya ifungwe. Ilichukua siku kumi na sita. Hizo siku kumi na sita, vijana, ndizo ninazozitamani.

Hatukuzungumza habari ya Jumanne hata mara moja. Tulifanya kazi. Kasha lilichomelewa na kusawazishwa, tukalisafisha, tukapima nafasi za shafti upya. Gia ilipofika alinifundisha kuipaka rangi ya buluu kwenye meno, nyembamba kama poda, kisha kuizungusha kwa mkono na kutazama rangi inahamia wapi kwenye gia mwenzake. Ikihama katikati ya jino, zimekaa vizuri. Ikihama ukingoni, gia mpya itakufa kama ile ya zamani, hata uwe na kifaa gani. Tuliifunga na kuifungua mara tisa. Mara ya nane mimi niliona inatosha. Yeye alipitisha kucha kwenye jino, akatikisa kichwa. Tukafungua tena.

Saa za mchana tulikaa nje kwenye kivuli cha tangi, tukala ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, na kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliniambia jinsi alivyoogopa mota ya kwanza aliyoiona akiwa kijana. Aliniambia kwamba sauti ya kwanza kumpotea ilikuwa ya mkewe, maana ni nyembamba, na kwamba ya kikamulio alibaki nayo kidogo kwa sababu ilikuwa inapita miguuni. Alicheka sana. Niliona ameshuka miaka kumi.

Siku ya kuwasha, nilipima. Mchoro ukatoka umetulia, hauna kilele hata kimoja. Nikamwonyesha kioo. Hakuvaa miwani, sijui aliona nini, lakini alikitazama muda mrefu, akanirudishia. Jioni akavua ovaroli, akaikunja, akaniaga kama anayerudi kesho.

Baada ya hapo aliishi miaka sita Kidahwe, akilima muhogo na michikichi yake. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Nilikuwa na swali moja nililotaka kumwuliza: kama siku ile niliyosema mbele ya watu nilimwumiza zaidi, au nilimwumiza zaidi Jumanne, niliponyamaza. Kila safari tulikaa, tukala, tukazungumza mvua, na bei, na gia za zamani, na kila safari nikajiambia nitamwuliza nikija tena. Nikajiambia hivyo miaka sita.

Alipofariki nilichelewa mazishi, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Nilifika siku ya pili. Mkewe, Mama Skolastika, alinipokea, tukalia, na wakati wa kuaga akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Hapo akaniambia jambo bila mimi kuuliza.

"Siku ile ya kiwandani kwenu," akasema, "alirudi mapema. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu, 'Mama, leo nimetua mzigo.' Akalala mchana ule mpaka kesho yake asubuhi. Miaka miwili alikuwa halali vizuri, mwanangu. Alikuwa anawaza siku watakayomjua."

Nilimshukuru, nikapanda, tukaondoka.

Mama Skolastika ni mtu mwema, na mtu mwema huweza kumwambia mgeni anayelia maneno ya namna hiyo hata kama hayakusemwa. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Yeye naye ametangulia sasa, hakuna wa kumwuliza. Kuna siku namwamini kabisa, na siku hizo kazi za nyumbani zinakwenda vizuri. Kuna siku simwamini, na ninakaa tu mlangoni, na Ujiji yote inakuwa kimya mno.